Mama Muuguzi Anajibu: Dawa ya mtoto ni bure, mbona kabati tupu?

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: serikali inasema inapeleka ruzuku zahanati kwa ajili ya watoto wetu, mbona sisi hatuioni? Nimekuwa muuguzi miaka 31, yote hapa hapa Dar es Salaam, Temeke na Ilala, na sehemu kubwa nimeimaliza kwenye zahanati, si hospitali kubwa. Nimechagua barua nne. Nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

*

Shikamoo Mama Muuguzi. Nina watoto wawili, naishi Mbagala, nauza mihogo ya kukaanga. Juzi mwanangu wa miaka mitatu alichemka usiku kucha, nikampeleka zahanati ya serikali alfajiri. Wakamtoboa kidole wakapima malaria, hana. Daktari akasema ni nimonia, akaandika dawa. Kufika dirishani naambiwa dawa ya watoto imeisha, kanunue nje. Nikatoa 6,500 duka la dawa, ndio mtaji wangu wa siku. Redioni kila siku tunaambiwa mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure na pesa zinapelekwa mpaka zahanati. Zinaishia wapi? Au tunadanganywa?
Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Pole na usiku ule.

Kwanza tuzungumze mtoto. Hata kama ameanza kucheza, mmalizie dozi yote. Akilala, mfunue kifua, weka simu mbele yako, uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Mtoto wa umri wake akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika hali ametulia, mrudishe kwa daktari. Akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea hata haamki vizuri, hapo usihesabu chochote. Ondoka naye saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Sasa pesa. Hukudanganywa kuhusu haki yako. Uchangiaji wa gharama ulipoanza kwenye hospitali za serikali mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito waliwekwa kwenye msamaha, na msamaha huo upo mpaka leo. Kuonwa na daktari, kipimo, dawa, vyote hivyo mwanao hapaswi kulipia katika kituo cha umma.

Ila naomba tulitazame vizuri hili neno bure, maana ndipo penye fundo. Kile kidonge cha amoksilini ya watoto kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji, zahanati imekinunua Bohari ya Dawa, ile MSD. Kikitoka dirishani bila malipo, kuna shilingi imetoka na haikurudi. Mtu mzima akija na homa analipa, na pesa yake inasaidia kununua dawa nyingine. Mtoto halipi. Kwa hiyo lazima mtu mwingine alipe kwa niaba yake, na huyo mtu ni ruzuku. Ruzuku ikichelewa au ikija pungufu, zahanati inayokauka ya kwanza ni ile yenye watoto wengi. Mbagala, Tandale, Buguruni, Chanika, kote kwenye nyumba za vyumba vingi na familia changa, zahanati inatibu kundi kubwa ambalo kwa sheria halilipi, na inategemea pesa inayotoka mbali.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa kwenye zahanati moja wakati friji la chanjo lilipoharibika. Pesa za zahanati zilikuwa zinakaa halmashauri. Ili tupate pesa ya fundi, mganga mfawidhi wetu, yaani mkuu wa zahanati, aliandika barua, mimi nikapanda daladala nayo ndani ya bahasha, nikaambiwa niiache, nikarudi wiki iliyofuata nikaambiwa bado haijasainiwa. Wiki tano. Kila jioni ya wiki hizo tano nilipanga chanjo kwenye kisanduku chenye pakiti za barafu, nikakibeba mapajani kwenye daladala mpaka kituo cha jirani chenye friji zima, na asubuhi nikazifuata. Chanjo zinataka nyuzi 2 mpaka 8 za joto. Nilikuwa nafungua kifuniko kidogo kila baada ya vituo viwili kutazama kipimajoto, na konda ananiuliza kama nina samaki. Siku moja tulikwama Tazara kwenye foleni hadi sindano ya kipimajoto ikapita 8. Usiku ule sikulala.

Kuanzia mwaka wa fedha 2017/2018 utaratibu ulibadilika. Pesa za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zikaanza kutoka Hazina na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila zahanati, bila kupitia mezani kwa halmashauri. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa nililoliona katika kazi. Friji likiharibika leo, mganga mfawidhi anaweza kumwita fundi. Upande wa dawa, kila kituo kina akaunti yake MSD ambako serikali huweka fedha za kununulia. Na MSD wakiwa hawana dawa fulani, zahanati haitakiwi kukaa imekunja mikono: ikishapata taarifa kwamba dawa haipo, inaruhusiwa kununua kwa Mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa katika mkoa.

Basi kwa nini uliambiwa imeisha? Inaweza kuwa fedha zilichelewa. Inaweza kuwa MSD hawakuwa nayo na hakuna aliyemfuata Mshitiri. Na yapo maeneo dawa zinatoka kwa mlango wa nyuma, sitakuficha, nimeyaona na yameniuma. Lakini sababu inayotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani ni daftari. Zahanati inaagiza dawa kwa kuangalia ilitumia kiasi gani kipindi kilichopita. Mtoto aliyetibiwa bila kuandikwa vizuri kwenye rejista za MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa, au dawa iliyotolewa bila kuandikwa kwenye leja ya dawa, haionekani kwenye oda ijayo. Na mama aliyekata tamaa, akawa anapitiliza moja kwa moja duka la dawa, mtoto wake naye haonekani popote. Kwenye karatasi, mtaa wenye watoto elfu unaonekana una watoto mia tatu.

Sikulaumu hata chembe. Ulifanya sawasawa kumnunulia dawa. Ninachokuomba ni hiki. Rudi zahanati na kile cheti ulichoandikiwa. Muulize mhudumu wa dirishani kwa upole: hii dawa iliisha tarehe ngapi, na imeagizwa lini? Kama hana jibu, mwone mganga mfawidhi. Uliza pia mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni nani, maana kila zahanati ina kamati yenye wananchi wa mtaani ndani yake, na huyo ni mtu wa kumweleza kwamba 6,500 imetoka mfukoni mwako. Na siku ukiambiwa ulipe chochote hapo hapo ndani ya kituo, omba namba ya malipo ya serikali na risiti. Pesa isiyo na risiti usiitoe.

*

Mama shikamoo. Maji yaliingia ndani huku bondeni Jangwani, yakachukua kila kitu na kadi ya kliniki ya mtoto. Ana miezi 14. Naogopa kwenda nitagombezwa, na sijui kama wataanza chanjo zote upya.
Binti wa Jangwani

Marahaba mwanangu, nenda. Akikugombeza mtu, mwambie umetumwa na Mama Muuguzi.

Anza na kliniki uliyokuwa unampeleka, kwa sababu jina lake limo kwenye rejista ya watoto hata kama kadi imekwenda na maji. Wape jina lake, jina lako na mwezi aliozaliwa, watamtafuta na kumwandikia kadi mpya. Mtazame begani mkono wa kulia. Kama kuna kovu dogo la mviringo, hiyo ni BCG, chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa alipozaliwa. Chanjo zilizokwisha kutolewa hazirudiwi kwa sababu ya kuchelewa; wanaendelea pale alipoishia. Kama hakupata ya surua na rubela ya miezi 9, ataipata siku hiyo, halafu umrudishe kwa ile ya miezi 18. Waulize pia matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, ameshafika umri.

Vyote hivyo havina malipo, na hakuna anayeruhusiwa kukurudisha kwa sababu huna cheti cha kuzaliwa. Kadi mpya iweke kwenye mfuko wa nailoni, uitundike juu ukutani.

*

Habari za kazi mama. Mwanangu ametimiza miaka sita mwezi uliopita. Alikuwa anatibiwa bure, sasa kila tukienda tunalipa. Mimi ni dereva wa bodaboda, pikipiki ya mkataba. Kuna njia yoyote?
Baba Shani, Gongo la Mboto

Nzuri baba, pole na barabara.

Msamaha wa umri unaishia siku mtoto anapotimiza miaka mitano, na mimi nimekuwa nikilisema hili kwenye vikao tangu nikiwa kazini: malaria haisomi tarehe ya kuzaliwa. Watoto wa umri wa shule ndio wanaokutwa na vimelea vya malaria kwa wingi wakipimwa, na ndio tuliowaacha bila ngazi. Hapo kuna pengo na linaumiza watu wa kipato chako hasa.

Njia zilizopo ni hizi. Kuna msamaha wa mtu asiye na uwezo, ambao hauangalii umri. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, mweleze hali yako, akuandikie barua, kisha uipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa kituo cha afya au hospitali. Usiende siku mtoto anaumwa, nenda akiwa mzima, kwa sababu siku ya homa hutapata muda wa kumsubiri mtendaji. Jina kwenye barua liwe lile lile lililo kwenye kadi ya mtoto, herufi kwa herufi. Nimeona watu wakirudishwa kwa sababu ya Shani na Shaani.

Upande wa bima, wengi mnakumbuka Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ambayo uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa Machi 2023. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake umo mfuko wa kugharamia wasio na uwezo. Fika ofisi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliyo karibu nawe uulize ni kifurushi gani mtoto wako anaweza kuingia sasa. Nenda mwenyewe. Usimpe pesa kijana wa mtaani akuandikishie.

*

Asalaam aleikum Mama Muuguzi. Mimi ni fundi cherehani hapa Vingunguti, miaka 52. Nimechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya zahanati yetu. Kikao cha kwanza tulisomewa makaratasi ya mpango na bajeti, tukapiga makofi, tukasaini mahudhurio, tukanywa soda. Nimerudi nyumbani sijaelewa hata neno. Sina elimu ya dawa, na pesa yenyewe inayoingia naona ni ndogo. Mtu kama mimi ninaweza kufanya nini kwa ajili ya watoto wa mtaa, au tumewekwa tuwe muhuri?
Fundi, Vingunguti

Waalaikum salaam, fundi. Barua yako niliisoma mara mbili, na nimeiweka mwisho makusudi kwa sababu majibu ya wenzako watatu kwa kiasi kikubwa yako mikononi mwako.

Nikueleze jambo la mbali kidogo. Marekani serikali inatoa ruzuku kwa vituo vya afya vya jamii, karibu taasisi 1,400, vinavyohudumia zaidi ya watu milioni 30, wengi wao maskini na watoto wao. Asiye na uwezo hafukuzwi, bei inapungua kulingana na kipato chake. Na sheria yao inasema kituo hakipati ruzuku hiyo mpaka zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi yake wawe wagonjwa wanaotibiwa pale pale. Wapishi, madereva, mafundi kama wewe. Kituo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Boston mwaka 1965, mmoja wa waanzilishi akiwa daktari Jack Geiger. Sasa sikiliza aliyatoa wapi haya. Akiwa mwanafunzi wa udaktari alikwenda Afrika Kusini, Natal, mahali panapoitwa Pholela, ambapo madaktari Sidney na Emily Kark walikuwa na kituo cha afya tangu 1940 kilichofanya kazi pamoja na wanakijiji. Mbegu ilitoka kijijini Afrika ikapandwa Marekani. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba mwananchi kukaa kwenye kamati ni mambo ya kuigwa.

Geiger huyo huyo alifungua kituo kingine Mississippi, kwenye mji mdogo wa Mound Bayou. Watoto walikuwa wanaletwa wana utapiamlo. Basi wakaanza kuwaandikia chakula kwenye cheti cha dawa, mama anakwenda nacho dukani, na duka linalipwa kutoka fungu la dawa la kituo. Wakubwa walipolalamika, akawajibu kwamba vitabu vyake vya udaktari vinasema tiba ya utapiamlo ni chakula.

Nakuletea hilo kwa sababu na sisi tunalo fungu la aina hiyo, na wajumbe wengi wa kamati hawalijui. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yao ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Muulize diwani wenu kata imepata kiasi gani na kimefanya nini. Ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, unaosoma nyekundu chini ya sentimita 11.5, unajua kuusoma kuliko mtu yeyote kwenye kamati hiyo. Kazi yako ni utepe. Uliza umetumika kwa watoto wangapi mwezi uliopita na waliosoma nyekundu wako wapi.

Kuhusu pesa kuwa ndogo. Miaka ya 1990 Wizara ya Afya pamoja na Wakanada waliendesha mradi wa TEHIP huko Rufiji na Morogoro Vijijini. Waliziongezea wilaya hizo pesa kidogo sana, chini ya dola moja kwa kila mtu kwa mwaka ndiyo iliyotumika. Ila kabla ya kuitumia waliuliza kaya kwa kaya: watoto wanakufa kwa nini? Malaria ilikuwa mbele mno kuliko mgao iliokuwa inapata kwenye bajeti. Wakahamishia pesa huko, kwenye vyandarua na kwenye kuwafundisha wahudumu kumtazama mtoto mzima badala ya kutibu homa peke yake. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Nilikuwa kazini wakati ule na mafunzo yale yalitufikia. Namna ya kuhesabu pumzi niliyomweleza Mama Wawili hapo juu ni ya wakati huo.

Kwa hiyo kikao kijacho, kabla ya makofi, omba leja ya dawa. Ni daftari refu, kila dawa na ukurasa wake. Fungua kurasa nne tu: amoksilini ya watoto, dawa mseto ya malaria ya watoto, ORS, na zinki. Kwenye kila ukurasa kuna safu ya baki. Shusha kidole mpaka unapokuta 0, andika tarehe iliyo mbele yake. Endelea kushuka mpaka mzigo ulipopokelewa, andika tarehe hiyo nayo. Toa. Ukipata siku 23, maana yake kwa siku 23 mama wa Vingunguti alifika dirishani akaambiwa akanunue nje. Hiyo hesabu haitaki elimu ya dawa, unaifanya kila siku ukikata kitambaa.

Ukishapata namba hiyo, mwombe mganga mfawidhi akuonyeshe mpango wa mwaka na fedha zilizoingia, halafu uulize kwa nini ukurasa ule ulikaa 0 wakati akaunti ilikuwa na kitu, au kama akaunti nayo ilikuwa tupu, halmashauri iliandikiwa lini. Zungumza naye kama mwenzako. Wengi wa waganga wafawidhi ninaowajua wamechoka, wanatibu, wanaagiza, wanajaza mifumo ya kompyuta usiku, na wanafurahi wakipata mjumbe mwenye swali la kweli linalowasaidia kusukuma jambo juu. Asiyefurahi naye utamjua. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale nje, kwa kalamu nene, mahali mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kusoma akiwa kwenye foleni.

Mwendee mapema, saa moja na nusu hivi, kabla watu hawajajaa, na usiende Jumatatu. Nenda na daftari lako mwenyewe. Ukishapata tarehe za zile kurasa nne, niandikie.